Hatua Mbili za Kivuli

Yule mnyapara hadi leo nikimkumbuka natema mate. Enzi za Mwingereza, huko Temeke, tulikuwa wanawake wanane wenye watoto wachanga, tukichambua sufi kwenye uwanja wa Mzungu mmoja. Kila alasiri mama yangu aliniletea mwanangu langoni anyonye, na wenzangu nao waliletewa wao.

Saa yetu ilikuwa kivuli cha mlingoti wa bendera. Mzungu mwenyewe alipanga mawe kwa kufuata saa yake ya mfukoni: kivuli kikigusa jiwe jeupe tunatoka kunyonyesha, kikifika jeusi tuwe tumerudi. Usidhani kivuli hakionekani kikitembea. Cha kijiti, hapo utakodoa macho mpaka uchoke. Cha mlingoti mrefu vile, weka kidole cha mguu kwenye ncha yake, utakiona kinakupanda. Dakika moja tu kimeshakula upana wa kiganja.

Basi juma moja mwanangu akawa hashibi. Namng'oa titi mdomoni analia, maziwa yananichuruzika, sufi inanigandia kifuani, na mnyapara kasimama anatema ugoro miguuni petu. "Kivuli kimefika! Ndani, ng'ombe nyie!" Ptuu! Na mate yale yalivyokuwa yanamning'inia kidevuni.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alinifundisha kupima kivuli changu kwa nyayo, nijue alasiri imeingia. Kivuli cha mlingoti kikifika jiwe jeusi, changu huwa nyayo nane. Siku hiyo kivuli kilipogusa jiwe, nikapima: saba. Mshenzi yule kalisogeza jiwe jeusi hatua mbili karibu na jeupe, apate kusifiwa magunia yameongezeka! Anamwibia mtoto mchanga maziwa, astaghfirullah.

Mie sikunyamaza. Nikamwita Mzungu, nikapima mbele yake. Akatazama saa yake, akatazama jiwe, akamwamuru mnyapara alirudishe. Mnyapara akalibeba kwa mikono yake mwenyewe, jasho linamtoka. Wenzangu wakapiga vigelegele.

Mzungu akafunga saa yake. "Mwanamke huyu nasema kweli," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Kumbe kunyonyesha nakula saa mingi sana. Kesho, wenye mtoto hapana kuja."

Mnyapara akacheka mpaka ugoro ukampalia. Wenzangu saba wakanipita langoni, wakachukua watoto wao, wakaondoka bila kuniaga. Nikajichukia mno. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikamnyonyesha mwanangu mpaka akashiba, akasinzia. Siku hiyo hapakuwa na wa kutuharakisha.