Baiskeli Iliyookwa

Mpaka leo sijui kama baba alimsamehe kaka yangu siku ile au alimkomoa. Nimeuliza watu wenye akili zao, kila mmoja ana jibu lake, na mimi hubadilika kutegemea nimeamkaje.

Kaka aliondoka nyumbani kwetu Nkoma bila kuaga, msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na mizani zao na kila mtu akajiona mfanyabiashara. Baba akasema aliyeondoka hivyo si wa kaya hii tena. Kaka akapata kazi Mwanza, kwenye karakana ya viti na vitanda vya chuma. Aliporudi kutusalimia, baba hakumsemesha. Basi akachukua baiskeli ya baba iliyojaa kutu, akasema anaenda kuitengeneza. Baba hakujibu ndiyo wala hapana, na ukimya wa baba yangu nani aliwahi kuuelewa?

Ilirudi juu ya lori, ya bluu, inang'aa kama sahani ya harusi.

"Mwadila, baba," kaka alimsalimia kwa Kisukuma, akaishusha.

Baba aliizunguka. Kaka akaanza kueleza mbio mbio kwamba rangi ile si ya majimaji, ni unga mkavu. Chuma kinasuguliwa mpaka kibaki kitupu, unga unapuliziwa, kisha fremu inaingizwa kwenye tanuri, unga unayeyuka na kuganda.

"Unga unashikaje chuma kikavu?" baba aliuliza. Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia.

"Umeme ndio unaufanya ushike, baba."

"Huku hatuna umeme. Si utadondoka?"

"Haudondoki. Umeshaokwa."

Mimi nimesonga ugali maisha yangu yote, na unga usiotaka maji sikuwahi kuusikia. Nikajifanya naikagua kengele nisionekane mshamba.

Baba akachuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye bomba chini ya siti. Pale alikuwa amechonga alama ya ng'ombe wetu, ile ile wanayochomwa pajani. Mafundi walikuwa wameisugua ikatoka pamoja na kutu.

"Hii si yangu," alisema.

Kaka alicheka, akidhani utani. "Ni ile ile, baba. Tazama kengele."

"Kengele zinauzwa dukani. Sungusungu wakinisimamisha njiani niwaonyeshe nini? Mng'ao?"

Kwetu, machoni pa hao walinzi wa kijiji, kitu kisicho na alama ni cha wizi au hakina mwenyewe, na baba hakuwa mtu wa kupanda cha wizi. Nilimwonea kaka huruma mpaka nikamkasirikia baba. Nilijua kilichomleta. Hakuleta baiskeli, alijileta mwenyewe, ili baba amwite tena mwanangu.

Asubuhi nilikuta chuma cha kuchomea ng'ombe alama kwenye moto wangu wa jikoni, chekundu. Chuma kile kwetu hushikwa na baba wa kaya au mwanawe wa kiume. Mgeni hakigusi, wala mimi sijawahi kukigusa. Baba alikifunga kitambaa kwenye mpini, akampa kaka.

"Weka."

"Baba, nikiichoma hii rangi maji yatapenya. Kutu itaanzia hapo na itatembea chini kwa chini mpaka iimalize yote."

"Weka."

Kaka alinitazama mimi, kana kwamba mimi najua. Akaweka. Ilitoa moshi mchungu, rangi ikachemka, na alipokitoa chuma alikuwa analia, na si moshi uliomliza. Baba akapanda baiskeli, akaenda zake Migato.

"Amenirudisha au ameniharibia kazi yangu?" kaka aliniuliza. Nilimwambia anywe uji. Hakunywa. Mchana akapanda lori la Mwanza.

Jioni, baba akirudi, sungusungu walimsimamisha karibu na uwanja wetu. Nilikuwa nafagia, nikawasikia wakimuuliza baiskeli hii ya kifahari kaitoa wapi. Baba akawainamisha chini ya siti waone.

"Alama hiyo kaiweka mwanangu," alisema. "Kwa mkono wake."

Nilitaka kumrushia ufagio. Lori lilikuwa limeshafika mbali, na hilo neno baba hakulirudia tena, hata nilipomwomba.