Nilimdanganya Mke Wangu Hadi Habari za Tamthilia

Habari za leo, admin. Naomba unifichie jina langu. Mke wangu naye anausoma ukurasa huu, na hata akinijua, nadhani sasa hakuna la kuzuia.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, Muislamu, nina mke na watoto watatu Kahama. Kazi yangu ni kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo wa Rwamgasa, kwa hiyo muda mwingi niko huko, nyumbani naenda na kurudi. Majina nimebadilisha, lakini yaliyotokea ndiyo haya.

Mke wangu, nimwite Mama Shamsa, alikuwa anapenda sana tamthilia moja ya Kipakistani. Ni ya Kiurdu ila imewekewa sauti za Kiswahili, inahusu wanawake wa kule na shida zao: huyu kaozeshwa mapema, yule kanyimwa urithi. Aliyemgusa zaidi ni mwanamke anayemuuguza mama mkwe wake huku mumewe, mfanyabiashara wa vitambaa, ameoa kwa siri mji mwingine. Nikiwa nyumbani tulikuwa tunaitazama wote. Siku moja ilipoisha akazima runinga, akaniuliza taratibu huko Rwamgasa huwa nalala wapi. Nikafoka. Nikasema tamthilia zinawaharibu wanawake, na nilipokuwa narudi kazini nikachomoa king'amuzi nikaondoka nacho, eti vijana wa machimboni wanataka kuangalia mpira.

Ukweli ni kwamba Rwamgasa nina mwanamke. Nimwite Mama Kulwa. Ni Msukuma wa Kharumwa, ana mgahawa unaowalisha wachimbaji. Mumewe alifukiwa na kifusi akiwa ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, na hakutoka akiwa hai. Nilipoanza kumtaka alinikataa, akasema yeye hachukui mume wa mtu. Nikamwambia mke wangu alishafariki. Jamani, nilitamka hilo nikiwa nimevaa shati alilolipiga pasi Mama Shamsa kwa mikono yake. Mama Kulwa alinishika mkono akalia, na alikuwa ananililia mimi. Tangu hapo tunaishi kama mume na mke.

King'amuzi nikakifunga pale mgahawani. Mpira uliangaliwa, lakini ikifika saa moja jioni wanawake wanaoponda mawe walikuwa wanachukua rimoti na kuweka tamthilia ileile. Mwanzoni nilijifanya siangalii. Baadaye nikawa navuta kiti.

Mama Shamsa hakugomba kuhusu king'amuzi chake. Alinipigia akasema, "Baba Shamsa, kama umekichukua, basi nisimulie wewe." Ikawa sehemu ikiisha nazunguka nyuma ya jiko, nampigia, namsimulia. Tangu nimuoe hatukuwahi kuzungumza vile. Alikuwa anacheka, ananikatiza, anamtetea yule mke. Nikawa naisubiri ile simu kuliko chakula. Mama Kulwa aliponiuliza naongea na nani, nikasema dada yangu wa Kahama. Akafurahi kwamba ana wifi. Safari moja akanifungia michembe, viazi vitamu vya kukausha, nimpelekee wifi yake. Nilipeleka. Mama Shamsa akaichemsha na karanga, akala na watoto, akaniambia nikamshukuru aliyeitoa.

Kisha ikafika siku yule mke wa kwenye tamthilia akagundua. Mumewe akajitetea kwamba dini imemruhusu, na hayo ndiyo maneno niliyokuwa nimejiwekea akiba. Mkewe akamjibu kwamba dini ilimruhusu kuoa, haikumruhusu kumficha. Pale mgahawani, Mama Kulwa akasema, "Mimi namuonea huruma huyu mke mdogo. Ningekuwa yeye, ningemfuata mwenzangu nikampigia magoti." Kisha akaniongezea mboga kwenye sahani yangu.

Jioni ile Mama Shamsa aliponiuliza kama yule mke ameshajua, nikajibu bado. Kesho yake nikasema bado. Nikaanza kutunga mambo ambayo hayakuwepo, mara mume kasafiri, mara mama mkwe kazidiwa, na yeye anasikiliza, anaguna, ananiamini.

Juzi alikwenda kusukwa kwa jirani, akakuta wanawake wanaizungumzia. Wakamwambia yule mke alishajua zamani, hata ameshaondoka na kurudi kwao. Akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Ungenificha mambo yako, ningesema ndivyo wanaume walivyo. Lakini kwa nini unifiche mambo ya watu wa kwenye runinga?"

Kabla sijasema kitu, akasema Jumamosi anapanda basi anakuja kuchukua king'amuzi chake. Akauliza kiko wapi. Nikasema kiko mgahawani. Akauliza, "Kwa nani?" Nikakata simu. Sijampigia tena wala yeye hajapiga.

Ndugu zangu, nimekuwa mtu wa kutazama chini. Wote wawili hawana kosa hata chembe. Mmoja nimemzika akiwa hai, mwingine nimemlilia msiba wa uongo mbele ya msiba wake wa kweli. Kuna wakati nataka nipande pikipiki nitokomee, lakini watoto wangu nitawaambia nini?

Jana nilijikaza nikamwambia Mama Kulwa kuna mtu anakuja Jumamosi kutoka Kahama. Sikumwambia ni nani. Akadhani ni dada yangu, nami sikumsahihisha. Leo amefua mashuka, na hivi ninavyoandika amerudi na kuku amefungwa miguu, anasema wifi yake hawezi kula mboga za mgahawani.

Nitukaneni mkitaka, nastahili. Ila mkishamaliza kunitukana, nisaidieni: nianze kumwambia yupi, na neno la kwanza liwe lipi? Jumamosi ni keshokutwa.