Kuku Aliyeharibu Hesabu za Yaya

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alisomea lishe ya binadamu chuo kikuu, hapa Butembo, yaani alifundishwa kwa Kifaransa mambo ambayo mama yetu kule Beni anayafanya kwa mwiko. Nilimwambia hivyo mara moja tu. Alinipa beseni la maharage nichambue mawe, akaniambia hiyo ndiyo sayansi yangu.

Ulikuwa wakati wa uasi, na baba yetu, Papa, alikataa yaya atembee peke yake. Alisema msichana mmoja njiani ni mzigo usio na mwenyewe. Wawili angalau wana kelele. Kelele nilikuwa mimi. Nikitoka shuleni tulishika njia kutoka Vulamba, tulikopanga chumba, mpaka Bulengera, na mizani ya jikoni ndani ya kapu. Kwenye kizuizi askari aliifunua, akataka kujua dhahabu iko wapi. Yaya akamweleza kwamba tunapima bugali. Askari akamgeukia mwenzake.

"Bugali? Acha bapite. Hawa bako na njaa kutupita sisi."

Kazi yenyewe, ya utafiti wake wa chuo, ilikuwa nyepesi: kukaa kwa watu saa ya chakula na kupima sahani ya kila mtoto kabla mkono haujaingia. Bulengera tulipokewa na mama mmoja mwenye watoto wanne na mume mfyatua matofali. Siku ya kwanza alichinja kuku, akapika na wali. Tuliporudi, kuku tena. Baba alipewa firigisi kama ilivyo desturi, sisi tukapewa mapaja. Yaya alipima, akaandika. Mimi nilikula kwa ajili ya maendeleo ya nchi.

Mtoto mdogo alikuwa ameukodolea macho wali. "Mama, leo tena Noeli?"

Mama akamsogezea sahani. "Kula, wee. Unasema sana."

Nyumba za jirani mambo yalikuwa yale yale. Kwetu mgeni akishaketi, kuku hana usalama, na hakuna mama atakayekubali kumwekea mgeni sombe, majani ya muhogo, isiyo na mafuta. Yaya alilijua hilo tangu utotoni, lakini mizani ilimsahaulisha.

Profesa wake alisoma kurasa mbili, akavua miwani. "Mademoiselle, hapa katikati ya vita watu wa Bulengera wanakula kumpita askofu. Umepima karamu. Rudia kazi, la sivyo hutasimama kuitetea mbele ya jury mwaka huu."

Mwaka huu. Chuo kilikuwa kimeshafungwa mara moja kwa sababu ya mapigano, na wakati ule hakuna aliyeweza kumwahidi mtu mwaka mwingine. Yaya alirudi nyumbani bila kunitukana, nikajua hali ni mbaya.

"Mgeni hapimi," nikamwambia. "Mgeni analishwa. Si wanasema akizidisha siku apewe jembe? Donc, basi, tuombe jembe."

Nilisema kwa mzaha. Asubuhi ya Jumamosi aliniamsha nikiwa bado najuta.

Yule mama alicheka alipotuona na nguo za shamba, kisha akakataa, kisha akaona yaya ameshika jembe lake na halirudishi. Tulipalilia maharage kwenye kilima chake mpaka mvua ikatukuta. Mikono yangu ya Kifaransa ikatoa malengelenge. Mama alinicheka bila huruma, na hapo ndipo nilipojua kwamba ugeni umekwisha.

Jioni aliweka bugali ya muhogo, sombe na parachichi moja la kugawana. Hakuomba radhi. Yaya aligusa kapu, akasita, akatoa mizani na kupima kwanza sahani yake mwenyewe. Mama aliacha kugawa.

"Unataka kupima na hii?"

"Kama unakubali, mama. Nimelima, nimechoka, sina haya tena."

Mama akamsukumia sahani ya mdogo. Sindano ya mizani haikusogea sana. Aliitazama pamoja nasi.

"Ni kidogo, eh?"

"Ni kidogo," yaya akasema. "Parachichi mpe huyu sehemu kubwa. Lina mafuta, litamsaidia."

Mama akachukua kisu, akakata upya. Wakubwa walinung'unika. Mimi pia, moyoni.

Nyumba nyingine tulizipata kwa njia ile ile, na Butembo nzima sasa nawajua wenye majembe mazito. Yaya alisimama mbele ya jury, akapita.

Tulikwenda kumwambia yule mama. Kapu tuliliacha nyumbani. Tulipoingia uani, kuku mmoja alikimbilia nyuma ya jiko, naona alitukumbuka. Hakufika mbali. Wakati wa kula, mfyatua matofali alichukua firigisi yake, akaiweka kwenye sahani ya yaya.

Mimi nilipata shingo.