Zamu ya Juu na Zamu ya Chini

Nukta aliajiriwa kwenye ghala la vigae tarehe 11 Juni 2012, na kadi yake ya kazi inaonyesha kimo cha sentimita 148. Yeye husema aliyempima siku hiyo alimpunja.

Ghalani humo wapakiaji hufanya kazi wawili wawili. Mwenzake ni bwana mmoja mrefu, mwembamba, aitwaye Mlingoti. Wiki hii mmoja huinua maboksi kutoka sakafuni, mwingine huyapokea na kuyapanga rafu ya juu. Wiki ijayo hubadilishana. Utaratibu huo waliutunga wenyewe na wanaulinda kama mboni ya jicho, asije mtu akanung'unika kwamba ameonewa.

Mwaka huu bega la Nukta likaanza kumsumbua. Binti yake alipomkuta anachana nywele kwa mkono wa kushoto, Nukta alimsingizia mjukuu kwamba amezidi kudeka mgongoni. Mlingoti naye alipewa hadithi hiyo hiyo. Zilivuma habari kwamba anakuja mtaalamu wa usalama kazini, na atakayeonekana dhaifu atahamishiwa meza ya lebo. Nukta aliijua meza ile: kutwa nzima kubandika karatasi ukiwa umeelekea ukuta, bila mtu wa kutaniana naye.

Mtaalamu alipofika na futi yake ya kupimia, Nukta alipiga moyo konde. Ilikuwa zamu yake ya juu. Alisimama kwa ncha za vidole, akasukuma boksi juu ya kichwa chake huku akitabasamu. Mlingoti alikuwa akipiga mluzi, ila kila alipoinama mluzi ulikatika.

Mtaalamu akawaomba wabadilishane. Nukta alichuchumaa, akalikumbatia boksi tumboni, akasimama nalo bila taabu. Mlingoti alilipokea na kulitelezesha rafuni kama anayefunga droo.

"Nani aliwapangia zamu hizi?" mtaalamu akauliza.

"Sisi wenyewe," Nukta akajibu. "Sawa kwa sawa."

"Boksi ni lile lile, mama, ila miili si ile ile. Rafu ile kwake iko begani, kwako iko juu ya utosi. Sakafu kwako ni hapo tu, kwake ni safari. Kuna anayeumwa?"

Mlingoti akakohoa, akakiri kwamba kiuno kimemkamata, na siku hizi mkewe ndiye anayemfungia kamba za viatu. Nukta alicheka mpaka akaegemea nguzo. Alipotulia akasema, "Mimi bega."

"Kumbe, dada," Mlingoti akasema, "mjukuu wa watu umemsingizia bure."

Nukta alimgeukia mtaalamu, roho juu. "Sasa nani anakwenda meza ya lebo?"

Hakuna, mtaalamu alisema, mradi kila mmoja akae mahali panapoufaa mwili wake na maumivu yatibiwe. Umri wa Nukta nao aliuzingatia: mzigo wake utapunguzwa mpaka bega lipone, na maboksi yatawekwa juu ya jukwaa la usawa wa magoti.

Kesho asubuhi wote wawili wanakwenda kliniki. Jumatatu Nukta anaanza kazi ya chini, Mlingoti ya juu, na hawatabadilishana tena.