Kurasa Mbili Nilizomficha Baba

Harufu ya dizeli asubuhi hunirudisha Al Kamil, mji wetu kule Oman, ndani ya lori la maji alilokuwa akiliendesha baba. Viti vyake vilinuka dizeli na kahawa ya iliki iliyomwagika. Mpaka leo, nikipita kituo cha mafuta Nizwa au Sur, huona haya kabla hata sijakumbuka kwa nini.

Baba alizaliwa Bujumbura, kwa wazazi Waomani. Kiswahili alikisoma vizuri, lakini herufi za Kiarabu zilimshinda, kama zilivyowashinda wengi waliorudi Oman ukubwani. Kwa hiyo wasomaji wa nyumba tulikuwa sisi watoto. Barua ya baladia, yaani manispaa, karatasi ya umeme, cheti cha hospitali mama alipougua: "Hebu nisomee, mwanangu." Kazi hiyo niliianza darasa la pili, nami nikajiona mtu mkubwa.

Siku moja nilileta kijitabu cha maktaba ya shule, habari za Mmarekani aliyeanza na boti moja ya kuvushia watu na mboga, akaishia na meli na reli. Nilimsomea baba wakati wa chai ya alasiri, nikigeuza kwa Kiswahili papo hapo.

"Na tajiri wake nani?" aliuliza. Kwa madereva wa kwao Bujumbura, tajiri ni mwenye gari, yule anayekuamrisha.

"Hana tajiri, baba. Tajiri ni yeye mwenyewe."

Akaweka kikombe chini. "Wallahi? Hana wa kumfokea?" Alicheka peke yake mpaka mama akachungulia.

Sasa niwaambieni ukweli. Shule nilikuwa nimeichoka, nilitaka barabara. Pale Mmarekani alipoacha shule akiwa na miaka kumi na mmoja, nilisoma polepole, tena mara mbili. Kurasa mbili za mwisho zilisema kwamba uzeeni alijuta kukosa elimu, akatoa mali kujenga chuo kikuu. Nikafunga kijitabu.

"Khalas, kimekwisha?" baba aliuliza.

"Khalas."

"Na hizo zilizobaki?"

"Majina ya meli zake tu, baba."

"Huyo Mmarekani si mjomba wako," mama alisema nilipotaja kuacha shule. "Kesho utaamka uende shule." Lakini baba, aliyetii matajiri tangu ujana wake, alikuwa akinitazama kwa namna nyingine. Mwaka wa masomo ulipokwisha, aliniruhusu niache.

Tangu hapo nimeuza tende Fanja, nimepokea wageni wanaokuja kutazama kasa Ras al Jinz, nimeendesha malori ya watu. Sijamaliza miaka miwili kwa tajiri mmoja. Husoma chochote kinachonifikia mkononi, hata magazeti ya kufungia samaki. Baba alinitetea mpaka alipofariki: "Muacheni, yule Mmarekani naye alianza hivi hivi."

Kwa miaka mingi niliamini nilimzidi akili. Kumbe kijitabu kilikaa siku nne juu ya friji, na jirani yetu alikuwa ustadh, mwalimu aliyesoma Kiarabu. Baba angeweza kumuuliza. Hakuuliza, kwa sababu kunishuku kwa kurasa mbili kungemlazimu azishuku karatasi zote nilizowahi kumsomea, hata ile ya hospitali iliyosema mama amepona.