Zima-Redio na Mlio wa Gari la Mkunga

Mara ya kwanza nilipompelekea fundi Zima-Redio gari, alinitoza bila kushika spana. Nilikuwa nimenunua pikapu iliyokuwa ikigonga "tak" kila nikiiondoa. Nilikwenda kwake kwa sababu uwanja wake ulikuwa karibu na pale ninapouzia magari, si kwa sababu nilimjua. Nikashusha kioo nianze kujieleza. Akanyanyua kiganja.

"Zima redio."

Nikazima. "Sasa fundi, tatizo lake ni kwamba..."

"Tatizo usinitajie. Iondoe, nenda mpaka ukutani, rudi."

Nikaenda, nikarudi, yeye akitembea kando mkono juu ya ubavu wa gari, kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani. Nilipofunga breki akauliza swali moja tu: "Inagonga mara moja ikanyamaza, au inaendelea kuhesabu?" Nikamjibu, mara moja. Akainama nyuma ya kiti, akachomoa jeki iliyokuwa imelazwa bila kufungwa, akanipakatisha. Nikaondoa gari. Kimya. Hapo ndipo akataja bei yake.

"Bei ya nini? Umetoa jeki tu!"

"Ungejua ni jeki, ungeitoa mwenyewe."

Nilimbana kwa kila mbinu ninayoijua, na mimi maisha yangu yote nakula kwa mdomo. Hakushuka hata kidogo. Nikalipa huku nimenuna, lakini kabla sijafika barabarani nilishaamua kuwa huyu ni mtu wa kumweka karibu. Kazi yangu ni kununua magari kwa watu waliokwisha kuyachoka na kuwauzia ambao bado hawajayachoka. Hakuna kitu kinachomchosha mtu na gari lake haraka kama mlio asioujua. Mimi nikiujua mlio kabla yake, faida ni yangu.

Jina la Zima-Redio alipewa na wateja, hata mkewe alilitumia siku akiwa na hasira. Hakusomea ufundi popote. Mama yake alikuwa mshonaji mwenye cherehani mbili kuukuu, na yeye ndiye aliyekuwa akizirekebisha tangu akiwa mdogo wa kuingia chini ya meza. Aliniambia kwamba cherehani ikishashika kasi kelele zake zote huchanganyika, kwa hiyo alijifunza kusikiliza pale mguu wa mama unapoanza kukanyaga. Macho ya mama yalipofifia, cherehani zikauzwa, naye akahamia kwenye magari na masikio yake yaleyale.

Gari la mteja haliendeshi kamwe. "Nikiliendesha mimi litalia kwa mguu wangu. Mimi nautaka mguu wako." Basi utakuta mtu mzima na tai yake anazungushwa uwanjani kama anafundishwa udereva, na fundi amekaa kiti cha nyuma bila viatu, nyayo sakafuni, macho yamefumbwa.

Jambo lake jingine lilikuwa rangi ya kucha. Kila nati aliyoikaza aliichora mstari mwembamba mwekundu, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilicho jirani. Mstari ukikatika, nati imesogea. Rangi ilikuwa ya mkewe. "Magari ya watu yana kucha nzuri kuliko zangu," nilimsikia akilalamika siku alipomletea chakula. Mafundi wa mtaa mzima walimcheka kwa hilo, na hakuna aliyemuiga.

Basi akatokea mkunga.

Alikuwa mama wa makamo kutoka zahanati ya juu kidogo, mwenye gari dogo jeupe. Alinipigia mwenyewe, anataka kuuza. Gari lilikuwa likipiga "tak" kila likiondoka. Mafundi watatu walishalishika. Mmoja alibadilisha breki, wa pili akabadilisha mipira ya injini, wa tatu akatikisa kichwa na kusema giaboksi inakufa. Tangu hapo hakuthubutu kulipeleka mbali. Akiitwa usiku kwa mzazi, alikuwa akibembeleza pikipiki barabarani, mkoba wake wa kazi mapajani.

Nilijaribu gari mara moja tu, nikajua si giaboksi. Giaboksi inayokufa haigongi mara moja ikanyamaza. Lakini sikuwa nimelipwa kusema hivyo. Nikataja bei ya gari lenye giaboksi mbovu. Hakushtuka.

"Sawa," akasema, "ila kabla sijasaini, fundi mmoja wa mwisho aliangalie. Chagua wewe, kaka yangu, nisije nikaonekana nakuwekea mtego."

Nikamchagua Zima-Redio. Nikampigia simu kwanza. "Nakuletea gari. Ukikuta ni kitu kidogo, usikitaje mbele ya mwenyewe. Sema giaboksi haijulikani mpaka ifunguliwe. Nitakukumbuka."

"Njooni," akajibu.

Nilidhani amekubali. Hapo nilikosea, maana mtu niliyeshindwa kumpunguzisha bei ya jeki sikutakiwa kumwelewa vibaya namna hiyo. Kumbe alikuwa ametuita tu.

Tulipofika, uwanjani kulikuwa na mteja mmoja tu, dereva wa taksi aliyekuwa akisubiri zamu yake juu ya ndoo.

"Zima redio, dada."

"Haina redio, fundi. Iliibwa."

"Basi leo tumeanza vizuri."

Akamtembeza mbele na nyuma. Gari likienda mbele, tak. Likirudi nyuma, tak. Likienda tena mbele baada ya kusimama bila kurudi nyuma, kimya. Zima-Redio akatabasamu. Nami nilijua tabasamu hilo, la mtu aliyeshapata.

"Ni kitu kinachocheza," akamwambia mkunga. "Ukienda mbele kinaegemea huku, ukirudi kinaegemea kule. Kikishaegemea, kinanyamaza."

Akainua gurudumu la mbele kushoto, akalitoa, akabandua kifuniko cha katikati. Nilikuwa nimechuchumaa begani kwake. Pale ndani kuna nati kubwa inayobana ekseli kwenye kitovu cha gurudumu. Aliigusa kwa vidole, ikazunguka. Nati ile haitakiwi kuzunguka kwa spana yoyote iliyo fupi kuliko mkono wa mtu.

Na juu yake kulikuwa na mstari mwekundu, umekatika katikati.

Nilimwona akihesabu nyuma, mwezi kwa mwezi, mpaka akafika. Mkunga alikuwa upande wa pili wa gari akijibu simu. Hakuona kitu, na hata angeona asingejua rangi ile ni ya nani. Gari lilikuwa limeletwa zamani na shemeji yake kubadilishiwa beringi ya gurudumu, yeye hakuwahi kukanyaga pale.

"Futa," nikamnong'oneza. "Kidole gumba tu, imekwisha. Kaza, sema giaboksi, mimi na wewe tutaelewana."

Hakunitazama. Akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Dada, njoo uone."

Mkunga akaja.

"Nati imelegea. Hii ndiyo inayolia. Giaboksi yako ni nzima."

"Nani aliiacha hivi?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Shemeji yako alilileta gari hapa. Nati ya namna hii ikishatolewa hairudishwi, inawekwa mpya. Siku ile duka lilikuwa limefungwa, na yeye alikuwa na haraka. Nikarudisha ya zamani. Nikasema nitampigia aje niibadilishe. Sikumpigia."

"Miezi mingapi nabebwa na pikipiki, fundi? Nimefika kwa mzazi mtoto ameshatoka, bibi yake ndiye amempokea kwa kanga! Na hao wengine watatu niliowalipa?"

"Hao hawakujua, dada. Mimi nilijua nikaacha."

Dereva wa taksi alinyanyuka kwenye ndoo. "Fundi, nimekumbuka nina safari," akasema, akawasha gari lake na redio juu.

Mkunga hakupiga kelele tena. Alikunja mikono kifuani, akaanza kudai, na mimi niliyekuja kununua gari lake nikasimama kando nikijifunza. Nati mpya leo hii, bure. Na ya upande wa pili, bure. Mwaka mzima kila akileta gari, ufundi bure, analipia vifaa tu, na gari lake linatangulia foleni. Zima-Redio alijaribu kutaja miezi sita.

"Mwaka," akasema mkunga. "Au niende kuwasimulia zahanati nzima."

"Mwaka," akakubali.

Zahanati nzima akaisimulia hata hivyo. Manesi wawili na daktari waliokuwa wateja wa Zima-Redio hawakurudi, na dereva wa taksi alihakikisha stendi nayo imepata habari. Miezi mitatu iliyofuata nilikuwa nikipita pale na kumkuta amekaa mwenyewe, anapanga bolti kwenye makopo kwa ukubwa. Sikumsikia akijuta wala kujisifu. Nilichoona ni kwamba alinunua kopo zima la nati mpya za namna ile, akalitundika ukutani usawa wa macho.

Mimi nilikosa gari, na mnunuzi niliyekuwa nimeshamwandaa akaenda kwa mwenzangu. Lakini wanunuzi nao walikuwa wameisikia habari ile. Nikiwaambia gari ni zima, wananicheka. Nikiwaambia Zima-Redio ndiye aliyelikagua, wanauliza kama ndiye yule aliyejisema mwenyewe, kisha wanatoa pesa. Siku hizi kila gari ninalouza linapita kwake kwanza, na biashara yangu imekua kuliko yake ilivyowahi kukua.

Ananitoza mara mbili ya wengine. Nilipomuuliza sababu alikuwa amelala chini ya gari, akanijibu bila kutoka.

"Wengine hawajawahi kuniambia nifute."

Nilibishana naye hadi mchana. Nalipa mara mbili mpaka leo.