Mahjabeen na Maji ya Uti wa Mgongo

Mtaani Kuze, biarusi akipakwa piko, ule wino mweusi wa kuchora maua mwilini, na mtu mwingine, wanawake huuliza kuna nini. Kwani Mahjabeen yuko wapi? Mkono wake ulijulikana. Aliweza kuujaza mguu mzima maua na majani, kuanzia vidoleni mpaka muundini, bila kuchora mfano kwanza, na mstari wake ulikuwa mwembamba kama uzi. Kazi hiyo alifunzwa na shangazi yake Akila. Mtu akimsifu hujibu, "Haya, tulia, piko litapakaa."

Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mnene, mzito wa kuinuka na mwepesi wa kucheka. Mumewe alikwenda Maskati kutafuta kazi, akaipata, akapata na mke. Mahjabeen akarudi kwa mamake, Bi Mubaraka, ghorofa ya juu ya nyumba ya babu, akatandika mkeka wake karibu na dirisha, na maarusi wakamfuata huko huko.

Mambo yalianza mwezi wa Shaabani, wakati harusi zinaposongamana kabla ya Ramadhani.

"Dada Mahja," biarusi mmoja alimwambia, mguu wake ukiwa juu ya mto, "ua hili mbona lina majani upande mmoja?"

Mahjabeen akatazama. Aliona maua mawili yamepandana. Akafumba jicho moja, likabaki ua moja.

"Ndio mtindo wa mwaka huu," akasema, akalitengeneza.

Hakumwambia mtu. Lakini akiinama kuokota kitu kisha akainuka, dunia ilimzimikia kidogo, kama stima inapokatika na kurudi papo hapo. Asubuhi kichwa kilimgonga kabla hajatoka kitandani. Masikioni alisikia mvumo, fuu, fuu, ukienda sawa na mapigo ya moyo. Bi Mubaraka alisema ni jua. Siku Mahjabeen alipolenga kikombe akakikosa, akamimina chai mezani, alikwenda mwenyewe kwa fundi wa miwani. Yule fundi alimmulika macho, akamulika tena. Hakumuuzia miwani. Alimwambia aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hospitali walimpiga picha ya kichwa, hawakuona uvimbe wowote kwenye ubongo. Daktari aliyempokea aliitwa Mwende, mwanamke mfupi asiye na haraka ya maneno.

"Ubongo na uti wa mgongo vimezungukwa na maji," alieleza. "Kila mtu anayo. Yako yana presha kubwa, nayo yanaibana mishipa ya macho kwa nyuma. Nataka nikuingize sindano mgongoni, hapa chini. Nitaipima presha, niyapunguze kidogo, na mengine yaende maabara."

"Na nikikataa?"

"Macho yatazidi kufifia. Na sehemu ikishapotea, mara nyingi hairudi."

Bi Mubaraka alikuwa ameketi kando, mkoba mapajani. "Mgongo wa mtu hauchezewi, daktari. Akipooza, nani atamwosha?"

"Mama, sindano inaingia chini ya pale uti unapokomea. Uti wenyewe hatuugusi."

Bi Mubaraka alivuta mtandio, na Mahjabeen akajua maneno yatakwisha nyumbani.

Nyumbani jirani yao Bi Maisara alikuwa ameshapata habari. Bi Maisara alizaliwa Kuze, akaolewa Kuze, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee wa Mvita.

"Binamu yangu Chonga," akasema, "alitolewa mai ya mongo asubuhi, jioni tukamswalia."

"Alikuwa akiumwa na nini?" Mahjabeen akauliza.

"Homa. Kitwa. Shingo imekauka kama gogo. Tangu juzi yake hakuwa akitambua watu."

"Basi alipelekwa maji yashamwagika, Bi Maisara. Sindano imesingiziwa."

"Ah! Nawe kwa kujibu!"

Bi Mubaraka akaona maneno yanakwenda pabaya, akaleta chai. Mahjabeen alikaa na kikombe chake bila kunywa. Hakuwa na elimu ya kutajika, wala duka, wala mume. Alikuwa na macho na mkono, na mkono bila macho hauna kazi.

"Mama," akasema mgeni alipoondoka, "ukija, njoo. Usipokuja, nitakwenda peke yangu."

Bi Mubaraka alikwenda, lakini alikaa ukumbini na tasbihi, akakataa kuingia.

Muuguzi aliitwa Nanjala, mwanamke wa bara mwenye mikono mikubwa. Alimlaza Mahjabeen ubavu kwenye ukingo wa kitanda. "Jikunje. Magoti yalete kifuani, kidevu kiteremshe."

"Tumbo halikubali, sista."

"Lisukume pembeni, litajua lenyewe pa kwenda. Hapo! Nataka mgongo utoke nje kama wa paka aliyekasirika."

Kitu baridi kilipakwa kiunoni, mara moja na mara ya pili. Kiuno kikafunikwa kitambaa chenye tundu. Ikaja sindano ya ganzi, ikamchoma kama siafu, kisha mahali pale pakafa. Baada ya hapo hakusikia maumivu. Alisikia kusukumwa, mtu akimkandamiza mgongo kwa kidole kigumu. Ghafla mguu wa kulia ukapigwa na umeme, kutoka pajani hadi kisiginoni.

"Mguu!" akasema.

"Upi?" Daktari Mwende akauliza.

"Wa kulia."

"Vizuri umesema. Usitikisike. Narudi nyuma kidogo."

Umeme ukakatika. Nanjala alimshika bega, akamwambia apumue taratibu na anyooshe miguu polepole. Daktari aliunga mrija mwembamba wenye alama, akausimamisha, maji yakapanda ndani yake.

"Yako juu sana," akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia kwa kila kitu.

Kisha maji yakaachiwa yadondoke kwenye vichupa, tone baada ya tone. Mahjabeen alikuwa amedhani yatakuwa mazito, pengine na damu. Nanjala alipomwonyesha, yalikuwa safi kabisa. Yangeweza kuwa ya mfereji wa jikoni.

Walimbandika plasta, wakamlaza. Nanjala akamwelezea ya baadaye, naye akasikiliza kwa makini kwa sababu mamake hakuwepo. Kiuno kitauma kidogo. Kichwa chaweza kuuma akikaa au akisimama, na akilala kitulie: basi alale, anywe maji mengi, chai na kahawa ruhusa. Vidonge vya kupunguza maji vitamtia ganzi vidoleni na midomoni, na soda itapoteza ladha. Ila akipata homa, shingo ikikaza, miguu ikilegea, mkojo ukikataa, plasta ikilowa, au macho yakizidi kufifia, arudi mbio.

Kesho yake kichwa kilianza, na wageni pia.

Mgonjwa akirudi kutoka hospitali lazima atazamwe. Wanawake walipanda ngazi kwa mabuibui yao, wakajaza chumba. Na mtu anayeweza kukaa hawapokei wakubwa zake amelala, nyayo zimewaelekea. Mahjabeen aliketi, mto mgongoni, akaitikia salamu moja moja. Kila akikaa, kichwa kilikamuliwa kama nguo ya kufua. Wakitoka, akilala, kinaacha. Wakiingia wengine, anaketi tena.

Bi Mubaraka alikuwa na hesabu yake. Maji yametolewa chini, basi yaliyobaki kichwani lazima yateremke yajaze pengo, na hayatateremka mtu akilala. Akamsimamishia mito mitatu ukutani. Kahawa akaipiga marufuku, kwa kuwa kahawa hukausha. Mahjabeen aliposema vidole vinamfa ganzi, mamake alipiga kelele mpaka Bi Maisara akapanda ngazi mbio.

"Ndiyo hiyo sindano," Bi Maisara akasema. "Kupooza huanzia vidoleni. Twaeni hivyo vidonge mvitupe. Nami nitamleta mtu amchue hapo palipodungwa, kwa mafuta ya nyonyo."

Bi Mubaraka akavichukua vidonge, akavitia kabatini, akafunga kwa ufunguo. Hospitali, akasema, hawarudi tena.

Hata Mahjabeen aliogopa. Alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Wageni wengine wakaingia, kichwa kikaanza kukamuliwa, naye akakumbuka kwamba maumivu ya zamani yalikuwa kinyume na haya. Yale yalimpata amelala. Akainua macho darini, kwenye boriti. Zile boriti ambazo wiki iliyopita zilikuwa zimepandana sasa zilikuwa moja moja, na nafasi katikati.

"Mniwie radhi, mama zangu," akasema. "Nalala."

Akaivuta mito, akalala chali.

"Miguu watuelekeza sisi?" Bi Maisara akauliza.

"Geukeni nyinyi, Bi Maisara. Nikigeuka mimi, kichwa chapasuka."

Mmoja akaguna, mwingine akacheka ndani ya mtandio. Bi Maisara alijaribu kukasirika, ikamshinda. "Haya, tugeukeni, wanawake. Leo mtoto wa Mubaraka atupanga kama viatu."

Walipokwisha kutoka, Mahjabeen akamwita mamake. "Nataka kahawa, na vidonge vyangu."

"Vidole vyafa ganzi, mwanangu!"

"Naam. Na miguu?" Akaukunja mmoja, akaunyoosha, akauchezesha. "Sista alinambia ni dawa. Alisema na soda itakosa ladha. Niletee soda tuone."

Bi Mubaraka akaleta. Mahjabeen akaonja kwa mrija, akakunja uso: chungu, kama maji ya majivu. Mamake akaichukua chupa, akanywa. Akanywa tena, maana hakuamini. Ilikuwa tamu kama soda zote.

Akaiweka chupa chini, akatoa ufunguo kifuani, na baadaye kidogo nyumba ikanuka kahawa.

Kichwa kilipungua pole pole, na siku moja akaketi kikawa kimya. Waliporudi hospitali, Daktari Mwende alimwonyesha vitone vya mwanga, amwambie anavyoviona. Kisha akammulika: jicho la kulia, uvimbe wa mshipa nyuma yake ulikuwa umeshuka. La kushoto bado, na kipembe cha chini cha uoni wake kilikuwa kimepotea.

"Kitarudi?" Mahjabeen akauliza.

"Sidhani. Nataka tukilinde kilichobaki. Vidonge viendelee, mwili upungue, na leo ningependa tupime maji tena."

Mahjabeen alimtazama mamake. Bi Mubaraka alikuwa ameshasimama, akimuuliza Nanjala kama mama mtu anaruhusiwa kuingia, akae upande wa uso.

"Usiguse kitambaa tu," Nanjala akasema.

Mahjabeen alipanda kitandani, akajigeuza ubavu. Hakungoja kuambiwa. Alileta magoti, akateremsha kidevu, akausukuma mgongo nje.